Umeketishwa wapi? Jinsi ya kupima miksi ya saraundi kwenye diski za muziki wa ala kavu

Mtu akisikia saraundi, ile sauti inayomzunguka kutoka spika za mbele na za nyuma, kwa mara ya kwanza, shingo ndiyo inayotoa hukumu. Anageuka. Kuna ngoma nyuma yake, kuna mtu kapiga makofi karibu na bega lake, basi anatabasamu na kusema mambo ndiyo haya. Nami nilianza hivyohivyo. Nilichelewa sana kugundua kwamba shingo yangu ilikuwa inapima spika za nyuma zimepewa kazi kiasi gani. Muziki wenyewe haikuupima kabisa.

Kwenye filamu hilo si neno. Helikopta na ipite juu, mlango na ugongwe nyuma. Lakini kwenye muziki wa ala kavu, ule usiotegemea umeme, iwe kwaya, gitaa kavu, fidla na chelo, piano, au orkestra nzima ndani ya ukumbi, kulikuwa na watu halisi, mahali halisi, na hewa kati yao. Miksi ya chaneli tano, yaani mikondo mitano ya sauti na kila mmoja una spika yake, inakupa kiti mahali hapo. Kwa hiyo swali la kukaa nalo tangu noti ya kwanza ni moja: nimeketishwa wapi, na je, kiti hiki kinatulia? Hatua zinazofuata ni njia za kulijibu bila kudanganywa na shingo.

Hatua ya 1: Hakikisha unasikia kilichomo kwenye diski

Hukumu nyingi za miksi mbaya ni hukumu za chumba kibaya. Anza na mpangilio. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaloitwa BS.775, ambalo studio nyingi hulifuata, linataka spika ya kati iwe mbele yako moja kwa moja, za mbele kushoto na kulia ziwe pembe ya nyuzi 30 kila upande, na zile tunazoziita za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120. Zote zilingane umbali hadi kichwani mwako. Nyuzi 110 si nyuma kwa kweli. Ni ubavuni, kisogoni kidogo kwa masikio. Watu huzitundika kwenye kona za ukuta wa nyuma kabisa, kisha wanalalamika kwamba ukumbi una shimo pembeni. Shimo walilichimba wenyewe.

Nguvu ya sauti nayo ilingane. Washa kelele ya majaribio ya risiva (kile kifaa kinachogawa sauti kwenye spika zote), ule mchakacho kama mvua juu ya mabati, na pima kila spika kutoka pale unapoketi. Programu ya simu inatosha, kwa sababu unalinganisha spika na spika, hutafuti kipimo cha maabara. Nusu desibeli isikunyime usingizi. Desibeli 3 za ziada upande wa nyuma, hizo zinabadilisha hukumu nzima: msikilizaji aliyekuwa safu ya sita anajikuta nyuma ya nguzo karibu na mlango. Kama spika haziwezi kulingana umbali, ingiza vipimo kwenye menyu ya risiva ili izicheleweshe zilizo karibu. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo makosa ya mita nzima si madogo.

Kisha kagua nyaya, na hapa nina la kuungama. Nilikuwa na diski ya kwaya iliyorekodiwa kanisani, waimbaji wakiingia kwa maandamano kutoka nyuma, wakipita upande wa kushoto, mpaka mbele. Kwangu sauti zilianzia nyuma kulia, zikafika karibu na bega, halafu zikaruka juu ya kichwa changu na kutokea mbele kushoto. Nikaandika kwenye daftari: "Fundi kachanganyikiwa." Nikawatangazia na wenzangu. Siku nyingi baadaye napangusa vumbi nyuma ya amplifaya, naona waya wa spika ya nyuma wenye alama ya kushoto umeingia kwenye tundu la kulia. Tangu hapo, kabla ya kusikiliza chochote kwa makini, nacheza kelele ya majaribio chaneli moja moja na kwenda kuweka sikio kwenye kila spika. Inachukua dakika moja. Kagua pia nyekundu na nyeusi zisiwe zimepishana kwenye spika moja: hilo likitokea, sauti inayotakiwa kukaa kati ya spika mbili inakuwa na uwazi wa ajabu, huwezi kuinyoshea kidole.

Hakikisha pia unacheza tabaka lenyewe la chaneli nyingi. SACD, aina ya diski ya sauti bora iliyotoka mwaka 1999, mara nyingi hubeba tabaka la stereo na la chaneli nyingi kwenye diski moja, na vichezeshi vingi huanza na la stereo usipoviambia vinginevyo. Baya zaidi, risiva inaweza kuipokea stereo hiyo na kuitawanya yenyewe kwenye spika zote bila kukuuliza. Unasifu miksi ambayo hakuna aliyeifanya. Soma kioo cha risiva: kinatakiwa kuonyesha chaneli zinazoingia, na kitu chochote cha kutawanya sauti kiwe kimezimwa. Kama kichezeshi chako ni cha zamani na kinatuma sauti kwa nyaya sita za analogi, elewa kwamba kwenye vifaa vingi vipimo vya umbali ulivyoviingiza kwenye risiva havifanyi kazi hapo. HDMI, waya mmoja wa dijitali, ilianza kubeba sauti ya SACD kuanzia toleo la 1.2, mwaka 2005.

Kuhusu sabufa, spika ya besi: chaneli yake, ile ya ".1" kwenye 5.1, ilibuniwa kwa ajili ya milipuko ya filamu. Hubeba besi tu, mpaka kama hezi 120. Besi kubwa ya nyuzi nne, noti yake ya chini ni kama hezi 41, na spika kubwa ya mbele inaimudu bila msaada. Lebo kadhaa za muziki huiacha chaneli hiyo tupu kwenye muziki wa ala kavu. Usiwakate alama kwa hilo. Ninaoanza kuwashuku ni wale wanaoijaza.

Hatua ya 2: Jua umepewa kiti cha aina gani

Kabla ya kusema ala imekaa pasipo mahali pake, ujue mahali pake ni wapi. Kuna shule mbili kubwa, na zinagombana kweli.

Ya kwanza inakuweka ukumbini, mbele ya jukwaa. Wanamuziki wote wako mbele. Spika za nyuma zinarudisha sauti ya ukumbi, na makofi kama ni tamasha. Rekodi nyingi za orkestra ziko hivi, kwa mfano nyingi za lebo ya Pentatone, iliyoanzishwa mwaka 2001 na watu waliotoka Philips Classics, au za BIS ya Sweden. Ya pili inakuweka katikati ya wapigaji. 2L ya Norway hupenda kuwapanga wanamuziki duara kuzunguka maikrofoni, aghalabu ndani ya kanisa, na Morten Lindberg wa lebo hiyo alipata Grammy ya albamu ya sauti zungushi mwaka 2020 kwa albamu ya LUX. Tacet ya Ujerumani, ya Andreas Spreer, nayo huzisambaza ala pande zote bila kuona haya. AIX Records ya Mark Waldrep ilikataa kuchagua: diski zake zilikuja na miksi mbili za muziki uleule, moja ya kiti cha hadhira na nyingine ya jukwaani. Ukipata moja ya hizo, inunue hata kama muziki hauupendi sana. Ni shule kamili ya masikio.

Nina mapenzi yangu. Kwa robo ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola na chelo, nataka niwe ukumbini, kwa sababu wanaongea wao kwa wao na mimi ni mgeni. Kwa kwaya ndogo, niweke katikati. Lakini mapenzi yangu si kipimo cha miksi. Miksi ya duara inahukumiwa kama duara: je, watu wale wanapumua hewa moja? Je, kila mmoja ana umbali wake kutoka kwangu, au wote wameng'ang'ania kwenye vitambaa vya spika?

Kuna pia muziki ambao mtunzi mwenyewe aliutawanya. Requiem ya Berlioz, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1837, inataka makundi manne ya tarumbeta na wenzake kwenye pembe nne. Giovanni Gabrieli aliandika kwa makundi yanayojibizana kutoka maeneo mbalimbali ndani ya kanisa la San Marco kule Venice. Hapo fundi anayeweka kila kitu mbele ndiye mwenye kosa.

Na kuna diski ambazo ukimya wake ni halali. Baadhi ya rekodi za lebo ya RCA za miaka ya 1950 zilinaswa kwa chaneli tatu, na zilipotolewa upya kwenye SACD zilibaki tatu: kushoto, kati, kulia. Nyuma hakuna kitu, na wala usitafute. Rekodi za Philips za miaka ya 1970 ambazo Pentatone ilizitoa upya zina chaneli nne bila ya kati. Soma kijitabu cha diski. Mara nyingi kuna picha ya kikao cha kurekodi, na picha moja ya maikrofoni katikati ya duara la viti inakuambia zaidi ya kurasa tatu za maelezo.

Hatua ya 3: Anza na stereo, kwa nguvu ileile

Chagua kipande cha dakika mbili hivi, chenye mwanzo laini na mwisho ulioachwa ufe wenyewe. Kisikilize kwenye tabaka la stereo, kisha kwenye chaneli nyingi. Karibu kila mara la chaneli nyingi litakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu spika zinazofanya kazi ni nyingi, na sikio la binadamu hupenda chenye nguvu zaidi hata tofauti ikiwa desibeli moja tu. Pima kwa simu, punguza, linganisha tena.

Unachotafuta hapa si "ipi nzuri". Unatafuta kilichobadilika. Mwimbaji amesogea karibu au mbali? Piano imenenepa? Ukumbi umefunguka pembeni, au umeongezeka mvumo tu? Andika neno moja moja. Na tahadhari: matabaka mawili wakati mwingine hutokana na maikrofoni tofauti, kwa hiyo ukikuta fidla ina rangi tofauti kabisa, usikimbilie kuilaumu saraundi.

Hatua ya 4: Zima nyuma

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho ambacho watu wengi hukifanya vibaya. Usiende kwenye menyu ya risiva ukaiambia kwamba hakuna spika za nyuma. Risiva ni mtiifu: itachukua kilichokuwa kinakwenda nyuma na kukimwaga kwenye spika za mbele. Utakuwa unasikia kila kitu, kimerundikana tu. Zima amplifaya, chomoa nyaya za spika za nyuma, hakikisha ncha hazigusani, washa tena. Kama risiva yako inaruhusu kushusha nguvu ya chaneli moja moja mpaka chini kabisa, hiyo nayo inasaidia kwa jaribio la haraka.

Sasa cheza kipande kilekile. Katika miksi nzuri ya kiti cha hadhira, nyuma zikiwaka huzisikii. Zikizimwa, kuna mtu kafunga mapazia. Jukwaa linasogea karibu kidogo na kuwa bapa, mkia wa kila noti unakatika mapema, na mapumziko kati ya vifungu, ambayo yalikuwa na hewa, yanakuwa matupu. Kama hakuna kilichobadilika, umenunua stereo kwa bei ya saraundi. Na kama ulichopoteza ni ala nzima wakati kijitabu kinadai uko ukumbini, kiti chako kilikuwa kinayumba.

Halafu geuza: chomoa za mbele na ya kati, acha za nyuma peke yake. Hapa ndipo siri hutoka. Tulia dakika nzima, usiwe na haraka.

Nyuma iliyorekodiwa kweli ina sauti ya mahali. Muziki upo, lakini uko mbali, umelowa, hauna makali ya mwanzo wa noti. Utasikia kiti kikilia, mtu akifungua ukurasa, pumzi ya mashine ya hewa, kikohozi cha upande mmoja tu. Mojawapo ya njia zinazotumika kuinasa inaitwa mraba wa Hamasaki, kwa jina la Kimio Hamasaki wa NHK, shirika la utangazaji la Japani: maikrofoni nne kwenye pembe za mraba wa mita 2 hadi 3 hivi, kila moja ikiwa imeelekeza upande wake usiosikia kwenye jukwaa. Ndiyo maana nyuma nzuri inaonekana kama inamkwepa mwimbaji. Imefundishwa kumkwepa.

Nyuma ya kughushi ina alama zake. Ukisikia mwimbaji yuleyule mkavu wa mbele, ila kapunguzwa tu, hiyo ni nakala. Ukisikia mvumo wenye mng'ao wa chuma, unaofanana kwa fidla, kwa ngoma na kwa sauti ya mtu, huo umetoka kwenye mashine. Mashine si dhambi, ila ukumbi wa kweli haujibu ngoma kama unavyojibu fidla. Alama ya tatu ndiyo ninayoiona ya hovyo kuliko zote: mwimbaji aliyekuwa katikati hayupo kabisa, lakini mvumo wake upo, mwembamba, wenye mikwaruzo ya s na sh inayoelea. Hapo mtu kachukua stereo, kaondoa kilicho sawa pande zote mbili, na makombo kayapeleka nyuma.

Bado uko hapo, simama katikati ya spika mbili za nyuma. Zinatakiwa kutofautiana, kila moja na kona yake ya ukumbi. Zikiungana kuwa nukta moja mbele ya pua yako, ni chaneli moja iliyogawanywa mara mbili, na ukirudi kitini utaisikia kama kitu kilichokaa kisogoni.

Jambo moja la haki kwa mafundi: kuwepo kwa kiasi kidogo cha sauti ya moja kwa moja nyuma si kosa. Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti ileile ikifika mara mbili ndani ya milisekunde 30 hivi, sikio linaamini upande uliofika kwanza. Maikrofoni ya nyuma iliyo mita 3 zaidi kutoka kwa mpigaji inachelewa karibu milisekunde 9, kwa hiyo fidla inabaki mbele hata kama imo nyuma pia. Kosa ni pale unapoanza kuisikia mara mbili.

Hatua ya 5: Izime ya kati

Rudisha zote, kisha chomoa ya kati pekee. Mwimbaji akipotea kabisa, fundi kamfungia ndani ya sanduku moja. Ukirudisha utagundua kwa nini alikuwa anaonekana mdogo, kama amesimama dirishani wakati bendi ina ukumbi mzima. Asipobadilika hata kidogo, ya kati haikutumika. Hapo jaribu kuinama sentimita 30 kushoto: mwimbaji atakufuata. Ya kati ikitumika vizuri humshikilia katikati hata ukiinama, na bado anakuwa na mwili unaoenea kidogo kwenye spika za jirani. Nikizima ya kati natarajia apungue, asife.

Hatua ya 6: Sikiliza pembeni, kwenye udhaifu

Kati ya spika ya mbele iliyo nyuzi 30 na ya nyuma iliyo nyuzi 110 kuna pengo la nyuzi 80. Masikio yetu yamekaa kushoto na kulia mwa kichwa, na ujanja wa kuunda ala hewani kati ya spika mbili, ambao mbele hufanya kazi vizuri, ubavuni haushiki. Fundi akiiweka viola kwenye nyuzi 70, noti za chini zitatoka mbele na za juu nyuma, au itaruka kila ukitikisa kichwa. Mafundi wazoefu wa duara hulijua hili, hivyo huwapanga watu karibu na uelekeo wa spika zenyewe na kuacha pembeni ijazwe na ukumbi.

Kwa hiyo kwenye miksi ya duara, fuata ala moja ya ubavuni kwa dakika nzima huku ukigeuza kichwa taratibu. Kutikisika kidogo nasamehe. Ikigawanyika vipande viwili sisamehi. Kwenye miksi ya hadhira tumia makofi: yanatakiwa kukuzunguka kama maji yaliyojaa beseni, siyo madimbwi mawili mbele na mawili nyuma.

Hatua ya 7: Ukubwa, umbali, na mkia wa noti

Funga macho, nyosha mikono, onyesha ala inaanzia wapi na kuishia wapi. Nimewahi kujikuta nimetanua mikono yote kwa gitaa kavu moja: vidole vya mkono wa kushoto wa mpigaji vilikuwa spika ya kushoto, tundu la gitaa spika ya kulia. Gitaa la mita tatu. Piano huteswa hivi kila siku, noti nene kushoto kabisa na nyembamba kulia kabisa, kama umeingiza kichwa chini ya kifuniko chake. Kama miksi inasema umeketi benchi moja na mpiga piano, sawa. Kama wakati huohuo kwaya iko mita kumi mbele yako, basi una viti viwili.

Hapo ndipo kosa linaloniudhi kuliko yote hujificha: solo aliyenaswa karibu mno kisha akapachikwa kwenye ukumbi wa wengine. Orkestra ina mvumo wake, yeye ana wake. Sikiliza mwisho wa kifungu anachopiga peke yake, halafu mwisho wa kifungu cha wote. Mikia ile miwili inatakiwa kufanana.

Mkia wa noti ya mwisho kabisa ndiyo hazina ya saraundi, na hauhitaji vifaa vyovyote zaidi ya subira. Mpigaji anainua upinde. Sauti bado iko mbele, kwenye mbao za jukwaa. Halafu inafunguka pembeni, inapanda kidogo, inateremka kisogoni, na inazama kwenye kelele ya ukumbi mtupu. Kwenye kumbi zinazosifika, kama Musikverein ya Vienna au Concertgebouw ya Amsterdam, safari hiyo huchukua takriban sekunde 2 ukumbi ukiwa na watu. Kanisa kubwa la mawe huzidi hapo sana. Sikiliza kama mkia unasafiri bila ngazi. Ukiruka ghafla kutoka mbele kwenda nyuma, chaneli hazikuunganishwa vizuri. Ukizimika kabla haujafika chini, mhariri alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mimi huucheza mkia mmoja mara tano au sita, na wenzangu wameshazoea.

Spika za juu, za mifumo ya Dolby Atmos au Auro-3D, hupimwa kwa njia ileile: zizime, kisha zisikilize peke yake. Zinatakiwa kuinua dari. Mwimbaji akielea hewani kama puto, zimekosea kazi.

Na namba zilizochapwa kwenye kasha ziache zilivyo. Megahezi 2.8224 za DSD au kilohezi 352.8 za DXD, mifumo ya kurekodi sauti kidijitali, zinaeleza ubora wa chombo, hazielezi aliyepanga viti. Nina diski yenye namba ndogo kuliko zote nilizonazo ambayo bado naichezea wageni, na nyingine yenye namba za kutisha ambayo imebaki kuwa mfano wangu wa gitaa la mita tatu.

Hatua ya 8: Andika, kisha rudi kesho bila rimoti

Masikio yaliyochomoa nyaya saa nzima hayafai kutoa hukumu ya mwisho. Yanasikia spika, hayasikii muziki. Andika ulichokiona, lala, na kesho yake icheze diski yote tangu mwanzo bila kugusa chochote. Kama ulianza kuwaza spika kabla ya wimbo wa tatu, andika ulipoanzia. Maelezo yangu huwa mafupi. Haya ni ya diski ya robo ya nyuzi niliyoimaliza karibuni:

"Kiti: safu ya 5 au 6, katikati. Chelo kulia, nikiinama haihami. Kati ikizimwa, viola anafifia, wengine wapo. Nyuma peke yake: ukumbi tu, kushoto tofauti na kulia, kiti kinalia dakika ya 3. Mkia wa mwisho umeachwa mpaka chini. Kasoro: kipande cha pili ukumbi unapungua ghafla, labda walirekodi siku nyingine. Siku ya pili: sikukumbuka nyuma kuna spika mpaka kile kiti kilipolia tena."